Mishono ya Zena na Ngata ya Kukalia

Mwezi uliopita, juma moja baada ya kukabidhi funguo za kabati la dawa, wasichana wawili wa kituo chetu cha wazazi hapa Temeke walinijia nyumbani na daftari tupu. Wakasema, "Mama, uandike." Nikawauliza niandike nini, maana habari za kuzalisha zimo katika kitabu chao cha mafunzo, na kitabu kile kinajua mengi kuliko mimi. Mmoja wao akajibu kwamba kitabu kinaeleza mpaka mshono wa mwisho unapofungwa, kisha kinahamia kwa mtoto. Mama anaachwa palepale kitandani na maumivu yake.

Nikaona ana haki. Kwa hiyo nitaandika yale yanayofuata baada ya mshono wa mwisho. Vyeo na mishahara sitaigusa. Vyeo vilikuwa vichache, mishahara ilikuwa midogo, na yote imo katika majalada ya serikali kwa anayetaka kuisoma.

Nilikuja Dar es Salaam kwa gari moshi kutoka Tabora pamoja na mume wangu, aliyekuwa karani wa reli. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili. Temeke wakati huo ilikuwa minazi, mihogo na njia za mchanga, nyumba moja hapa na nyingine kule. Kituo kilikuwa na vyumba viwili, vitanda sita na baraza. Sikuajiriwa kuwa mkunga. Niliajiriwa kufua.

Mahali pangu palikuwa nyuma ya jengo, penye madebe mawili, moto wa kuni na kipande cha sabuni kilichotakiwa kufika mwisho wa juma hata kama kina nia ya kuisha Alhamisi. Msidharau kazi ile. Kabla sijamwona mzazi yeyote nilikuwa nimekwisha kuona vitambaa vyake, na kitambaa hakifichi jambo. Damu nyekundu iliyopungua kila siku, mzazi anaendelea vizuri. Rangi ya kijani na harufu ya samaki wa jana, kuna jambo. Nikaanza kuvianika kwa kufuata vitanda, cha kwanza mpaka cha sita, ili nijue kipi ni cha nani.

Aliyeligundua hilo ni Sista wa Kiingereza aliyekuwa mkuu wetu. Sisi tulimwita Mama Saa, kwa sababu alibandika saa ndogo kifuani, juu chini, na kabla ya kusema neno lolote aliigeuza na kuitazama. Alisimama mbele ya kamba yangu ya nguo, akageuza saa, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Kitanda cha nne ana homa. Wewe umejuaje?" Nikamwonyesha kitambaa. Juma lililofuata nilikuwa ndani, nimevaa aproni.

Kusoma Kiswahili nilijua, maana baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Kiingereza nilikipata kwenye chupa. Nilikuwa nanakili maandishi ya kila chupa ya dawa katika daftari, kisha namuuliza Mama Saa maana yake. Hata leo naweza kusema kwa Kiingereza "sumu" na "tikisa kabla ya kutumia", lakini siwezi kuuliza njia ya kwenda sokoni.

Kushona alinifundisha kwa maganda ya ndizi mbivu. Unalipasua ganda kwa wembe, unalishona, unavuta uzi, unafunga fundo. Ganda likichanika, umevuta kwa nguvu mno. Nilichana maganda mengi sana na watoto wa jirani walikula ndizi nyingi sana. Somo lake ni hili, nanyi mlishike: nyama iliyoshonwa leo itavimba kesho. Fundo linaloonekana limekaa vizuri jioni, asubuhi linakuwa limebana kama mkanda wa mtu aliyenenepa. Acheni nafasi ya kesho.

Uzi tuliotumia ulikuwa mgumu kama mshipi wa kuvulia samaki, na ncha zake zilichoma. Wazazi walisema wamekalia miba. Ulitolewa siku ya nane kwa mkasi na kibanio, na siku zote hizo kulikuwa na dawa chache tu za kutuliza maumivu. Siku ya kwanza, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi, kinabadilishwa kila kinapopata joto. Kuanzia siku ya pili, maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Kidonge cha kutuliza kwa yule anayelia, na mara nyingine kwa yule asiyelia kabisa, maana huyo ndiye wa kuogopewa. Halafu kulikuwa na mpira mmoja wa kukalia, wa mviringo wenye tundu katikati, uliojazwa pumzi. Ulikuwa na viraka vitatu vya baiskeli. Mzazi aliukalia kwa robo saa, ukatoa mlio usio wa heshima, ukalala. Wazazi sita, mpira mmoja, na mpira wenyewe mgonjwa.

Sasa nitaje desturi ambayo ninyi wenyeji wa pwani mmezaliwa nayo, lakini mimi niliikuta. Mzazi hukandwa. Mwanamke mtu mzima anayeijua kazi hiyo huchemsha maji, huchovya kitambaa, hukikamua na kumkanda mzazi tumboni, kiunoni na mapajani, asubuhi na jioni, mpaka arobaini. Wanaamini damu mbaya hutoka, tumbo hurudi mahali pake, na mama hupata nguvu. Asiyekandwa huonwa mtu asiye na ndugu. Maji hayo ni ya moto kweli. Nimewaona wakandaji wakipuliza vidole.

Kituoni tulikuwa na amri moja juu ya jambo hilo: aliyeshonwa asikandwe. Sababu yake ilikuwa ya kweli. Joto kali hulainisha nyama changa na uzi huikata. Amri ilikuwa fupi, na mimi niliipenda kwa ufupi wake. Nilimwambia kila ndugu aliyekuja kumchukua mzazi wake, kama anavyosema karani wa mlangoni, kisha nikageukia kazi nyingine. Mpaka alipokuja Zena.

Zena alikuwa binti wa miaka kama kumi na minane, mwembamba, mtoto wake wa kwanza. Mtoto alikuwa wa kiume na kichwa chake kilikuwa kikubwa kwa njia aliyopewa. Alimpasua. Nilimshona mimi, mishono mitano, na Mama Saa aliikagua akasema inafaa. Siku ya nne aliruhusiwa kwenda nyumbani, kwa ahadi kwamba siku ya nane nitamtoa nyuzi. Mumewe alikuwa kuli bandarini, akitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Aliyekuja kumchukua alikuwa shangazi wa mumewe, Bi Chausiku, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, mkandaji wa mtaa wote wa upande wa Yombo.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Tumpe maji mangapi, mara mbili au mara tatu?"

"Asikandwe, bibi."

"Asikandwe? Kwa nini?"

Hapo ndipo kosa langu lilipo, nami naliandika wazi. Nilijua kwa nini. Lakini Bi Chausiku alikuwa rika la mama yangu, na mahali aliposhonwa Zena hapatajwi mbele ya mtu wa rika la mama yako. Nilitazama sakafu, nikasema, "Ndiyo amri ya kituo." Bi Chausiku akafunga kanga ya Zena vizuri, wakaondoka, wakipumzika katika kila kivuli cha mnazi.

Siku tatu baadaye nilikwenda kuwatazama wazazi wa upande ule kwa miguu, na mfuko wangu begani. Nilimkuta Zena amepiga magoti kwenye mkeka. Mtoto amelazwa juu ya kitanda cha kamba, na mama amemwinamia, ananyonyesha hivyo hivyo, viwiko vimemzama kambani. Pembeni bakuli la uji wa pilipili manga limeota ngozi.

"Hukai, Zena?"

"Siwezi, Mama."

"Na uji?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Nikila itabidi niende chooni. Nami chooni siendi tena. Bora nife na njaa." Mtoto aliliachia ziwa akalia, akalirudia, akaliachia tena. Maziwa yalikuwa yanakwisha.

Nikamlaza ubavu nikatazama. Mishono miwili ilikuwa imekata nyama na kutoka. Wa tatu ulining'inia. Kingo za jeraha zilikuwa nyeupe na zimekunjamana kama vidole vyangu enzi za kufua, na usaha ulikuwa umeanza. Nyama ile ilikuwa imelowekwa katika maji ya moto.

"Nani amekukanda?"

Akatazama mlangoni. "Usimseme shangazi, Mama. Alinionea huruma. Nililia usiku kucha."

Bi Chausiku mwenyewe akaingia akiwa na sufuria inayofuka mvuke. Aliponiona hakuificha.

"Tumbo sikuligusa," akasema. "Nilisema moyoni, hawa wamezoea kulibonyeza tumbo, labda wamelitia dawa yao, basi niwaachie. Nimempa maji pale palipomuuma tu."

"Umemharibu!" nikasema. Nilipaza sauti. Katika miaka yote ya kazi ni mara chache nimepaza sauti, na sikumbuki hata moja iliyosaidia.

Bi Chausiku akaiweka sufuria chini taratibu. "Ungeniambia sababu, ningejua pa kuacha," akasema. "Hukuniambia sababu. Uliniambia amri." Akatoka, na tukamsikia akifungua mlango wa nyumba yake ya jirani na kuufunga.

Zena alianza kulia. "Sasa nani ataniangalia? Wewe unaondoka. Mume wangu yuko melini." Kisha akanishika mkono. "Niambie kweli, Mama. Patafunga? Arobaini watu watajaa hapa. Nitakaaje mbele yao? Nami najinusia mwenyewe."

Nikamwambia kweli. Haiwezekani kushona upya, maana kuna usaha. Jeraha litajijaza lenyewe kutoka chini kuja juu, kama kisima kinavyojaa. Likiwa safi, na yeye akila, pengine litawahi arobaini. Lisipokuwa safi, sijui. Nikamtoa nyuzi zote zilizobaki, nikamsafisha, nikamwachia mume wake maagizo kupitia jirani mwingine. Lakini maagizo ya jeraha hayatekelezwi na mtu anayeshinda bandarini.

Nilirudi kituoni nikamweleza Mama Saa. Aligeuza saa yake, akaiacha ianguke kifuani.

"Kwa nini asikandwe?" akaniuliza.

"Joto linalainisha nyama, Sista, na uzi unakata."

"Vizuri. Mimi umeniambia. Yule bibi ulimwambia?"

"Sista, ni mtu mzima. Sehemu ile haitajwi mbele yake. Ningemvunjia heshima."

"Basi tafuta njia ya kuitaja ambayo haivunji. Mimi siijui. Ninyi ndio mnaozijua." Akaendelea kuandika. Nilikuwa nimetarajia karipio. Hili lilikuwa zito zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Bi Chausiku. Alikuwa barazani anashona mkeka, ameunganisha ukili, yaani mkanda wa majani yaliyosukwa, mmoja na mwingine, sindano ndefu mkononi. Shikamoo yangu aliijibu akiutazama mkeka. Nikasimama kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau. Mwishowe akauliza, ili mradi aseme neno, "Kwenu wapi wewe?"

"Tabora, bibi."

Sindano ikasimama. "Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Ala! Mpagazi wangu huyu!" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Na mie siku zote nakuogopa na aproni yako, nadhani tumeletewa Mzungu mweusi! Kumbe mtani wangu! Umeuacha wapi mzigo?"

Wasomaji wa mbali pengine hawajui, lakini Wazaramo kama Bi Chausiku na Wanyamwezi kama mimi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hutukanwa bila kosa, hunyang'anywa kofia yake, huchekwa hata msibani, na hana ruhusa ya kukasirika. Mbele ya mtani hakuna neno lenye aibu. Nilikuwa nimeishi Temeke zaidi ya mwaka, nimeitwa nesi na kila mtu, nikasahau kwamba mimi ni mtani wa nusu ya mji.

"Mzigo niliuleta, bibi," nikasema. "Babu yangu naye aliuleta mzigo wake mpaka pwani. Akawakuta Wazaramo wamelala, akarudi nao."

"Hee! Sikia mdomo huo! Kaa chini, mpagazi, uupumzishe."

Nikakaa. Na kwa kuwa sasa nilikuwa mtani, nikasema yote. Nikapataja mahali penyewe kwa jina lake. Nikataja jinsi kichwa cha mtoto kilivyopasua na kufika wapi, jinsi nilivyoshona, jinsi nyama changa ilivyo. Mwanzoni alicheka na kujipiga paja, "Mnyamwezi huyu hana haya!" Kisha akaacha kucheka. Aliushika ukili uliolowa umande, akauvuta pale uzi ulipopita. Uzi ukapenya, ukapasua jani.

"Ukishona ukili uliolowa," akasema polepole, "uzi unakata. Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo, bibi."

"Mtoto mdogo anajua hilo." Akautua mkeka. "Twende."

Kwa Zena nilifungua dirisha, mwanga ukaingia. Nikamwomba Bi Chausiku atazame. Akasita. Ndipo nilipojifunza jambo jingine: kukanda hufanyika chini ya kanga, kwa kupapasa, macho pembeni, kwa heshima ya mzazi. Mikono yake ilikuwa imehudumia wanawake wa mtaa mzima, na hajawahi kutazama jeraha hata moja. Mimi nilikuwa nimetazama bila kusema. Yeye alikuwa amegusa bila kutazama. Katikati yetu alikuwa Zena.

Bi Chausiku akatazama. Kisha akamfunika, akampapasa mguu. "Mwanangu, nisamehe. Sikupaona."

"Na mie nisamehe, shangazi," akasema Zena. "Nilijikaza kimya, ungejuaje?"

Tukapatana pale pale, na mapatano yale ndiyo niliyoyafuata mpaka siku ya kukabidhi funguo. Tumbo na kiuno akandwe kwa maji ya moto kama kawaida, lakini amelala, magoti pamoja, na kitambaa kikavu kilichokunjwa kimefunika jeraha. Jeraha lipate maji yake peke yake: yachemshwe na chumvi, yafunikwe, yapoe mpaka unaweza kumwogeshea mtoto. Kipimo ni kiwiko. Kiganja cha mkandaji kimezoea moto, hakiaminiki. Akalie beseni asubuhi, jioni, na kila atokapo chooni. Akaushwe kwa kugusagusa, asifutwe. Kisha alale ubavu dirishani, jeraha lipate hewa. Kufukizwa juu ya makaa kungoje. Majivu na majani yasiingie ndani. Bi Chausiku aliyarudia yote mara moja tu, bila kukosa, naye hajui kusoma. Mimi ningeandika.

Kilichobaki kilikuwa choo. Nawaambieni, maumivu ya mishono si kitu mbele ya hofu ya choo cha kwanza. Mzazi hali ili asiende. Asipokwenda panakuwa pagumu. Pakiwa pagumu hofu inakuwa na haki. Tulimpa Zena papai bivu, maji mengi na kijiko cha mafuta ya mbarika. Nikamfundisha kukunja kitambaa safi na kulishikilia jeraha kwa mkono kutoka mbele wakati wa kujisaidia, ili lihisi limeegemea kitu. Siku ya pili yake akaenda. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, ua wa makuti. Bi Chausiku akasimama nje ya ua, mikono kiunoni.

"Zena! Umefika?"

"Bado, shangazi."

"Umeshikilia kitambaa?"

"Nimeshikilia."

"Basi taratibu. Usisukume kama unasukuma gari lililokwama mchangani!"

"Shangazi, usinichekeshe, naumia!"

"Nani anakuchekesha? Mie namsemesha huyu Mnyamwezi. Mnyamwezi, kwenu mnakwenda choo kweli, au mnabeba tu mpaka pwani?"

Nikajibu kwamba tunabeba, kisha tunawaachia Wazaramo wa njiani. Ndani ya ua tulimsikia Zena akicheka, akilia, akicheka, kisha kimya. Alipotoka, uso ulikuwa umelowa. "Hivi ndiyo hivyo tu?" akasema. "Siku zote nilizokaa na njaa, kumbe ndiyo hivyo tu?" Alikunywa uji bakuli mbili. Siku ya tatu maziwa yalirudi, na mtoto akaacha kulilia ziwa tupu.

Siku moja nilimkuta Zena amekaa. Amekaa kitako kwenye mkeka, mgongo wima, mtoto mapajani. Nikadhani nimekosea nyumba. Chini yake alikuwa ameweka ngata, ile kanga iliyosokotwa kuwa mviringo ambayo mwanamke huiweka kichwani kabla ya kujitwika debe la maji. Tundu la ngata lilikuwa chini ya jeraha, na uzito wake wote uko pembeni. Ilifanya kazi ya ule mpira wa kituoni, bila viraka na bila mlio.

Bi Chausiku aliruka aliponiona. "Njoo umwone mtu wako! Kitu cha kichwani amekiweka matakoni! Wewe mpagazi, babu zako wamebeba pembe kwa ngata kutoka huko kwenu, leo mgonjwa wako anaikalia, nawe unacheka?"

"Shangazi," akasema Zena, "kichwa hakijashonwa."

Bi Chausiku akasema, "Haya. Lakini kanga hiyo haitapanda kichwani mwa mtu katika nyumba hii tena. Naapa, mbele ya Mnyamwezi huyu."

Nilipima ngata ile kwa vidole nikaandika katika daftari. Tundu liwe pana kama kiganja, dogo linabana. Isokotwe kwa kanga kuukuu, mpya ni ngumu. Na mzazi asiikalie kupita muda wa kunyonyesha mara moja, maana akikaa sana katika tundu, nyama huvimba kwa kuning'inia. Juma lililofuata ngata sita zilikuwa kwenye kamba ya nguo za kituo. Mama Saa akageuza saa, akauliza ni mapambo ya sikukuu gani. Nikamweleza. Jioni ile aliuondoa mpira mwenyewe, na baadaye niliona fundi baiskeli wa mtaani anaukata viraka.

Msidhani haya ni ya Waswahili peke yao. Miaka ya baadaye nilimhudumia mke wa mwenye duka la Kihindi, Bi Sakina, aliyejifungulia nyumbani kwake juu ya duka. Mama mkwe wake alikuwa na sinia lenye mafuta, samli na bakuli la maji ya moto, na macho makali juu yangu. Hatukuwa na utani, lakini nilikuwa nimejifunza: nilianza na sababu, ndipo nikafika kwenye amri. Bi Sakina alikalia ngata ya kanga aliyoitoa dukani chini, na mama mkwe akauliza kama itamfaa na yeye kwa bawasiri. Nilimwambia itamfaa. Katika kila nyumba kuna Bi Chausiku. Mtafuteni kabla hamjamfunga uzi mzazi wake.

Arobaini ya Zena niliifikia asubuhi mapema, kabla ya wageni. Nikamtazama mbele ya dirisha, na Bi Chausiku akatazama pamoja nami, sasa bila kuombwa. Jeraha lilikuwa limejaa mpaka juu na limefunga. Mstari mwembamba, mgumu kidogo upande mmoja. Nikamwambia ugumu ule autie mafuta ya nazi, na mumewe asubiri mpaka nitakapomtazama tena. Maneno haya niliyasema kwa sauti, mbele ya shangazi wa mumewe, wala hakuna aliyetazama sakafu.

"Hapanuki?" akauliza Zena.

"Pananuka mtu," akasema Bi Chausiku. "Inuka, watu wanakuja."

Wanawake wa mtaa wakaja, mtoto akanyolewa, ubani ukafukizwa. Zena alitoka chumbani amevaa kanga mpya. Mkeka ulikuwa umetandikwa, ule ule uliokuwa ukishonwa siku ya utani. Akasimama mbele yake. Nikaona anatafuta ngata kwa macho, nikaona anaacha kuitafuta. Akakaa taratibu, kitako chote, akanyoosha miguu. Akanitazama. Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto wake.

Wageni walipoondoka maji yalikuwa yamekwisha. Zena akachukua debe, akaenda kisimani nyuma ya nyumba, sisi tukamfuata. Alikuwa na kanga moja mkononi, imefuliwa imekauka. Akaisokota, akaizungusha, akaiweka kichwani. Niliitambua, na Bi Chausiku aliitambua.

"Kanga hiyo niliapa mie," akasema.

"Uliapa, shangazi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mnyamwezi."

"Ah, Mnyamwezi naye ni shahidi?"

Nikasema debe liwe nusu, maana mshono umepona lakini kiuno bado. Bi Chausiku akamwaga maji kidogo. Akanitazama, akamwaga tena. Kisha akainama, akalishika debe kwa mikono yake miwili mipana, akamtwika.